Bondia wa Bagira na Mgeni wa Mama Yake

Hakuna bondia mwenye jina aliyepita Bukavu miaka ile bila kwanza kupitia mwilini mwa Cirhuza. Walitoka Goma, walitoka Bujumbura, walitoka Lubumbashi, na wale wenye majivuno kuliko wote walitoka Kinshasa. Waandalizi waliwaletea Cirhuza kama kisu kinavyoletewa jiwe la kunolea. Kisu kinanolewa, kinaondoka kinang'aa. Jiwe linabaki palepale, limepungua kidogo. Alipigana raundi zote, akashindwa kwa pointi, akamshika mkono mshindi, akapanda kurudi kwao Bagira kwa miguu, kitambaa cha maji baridi juu ya jicho. Kuanguka, hakuanguka hata mara moja. Lakini watu hawamwimbi mtu ambaye hakuanguka. Wanamwimba aliyeangusha.

Mjini walimwita Saki, yaani ule mfuko wa mchanga unaoning'inizwa darini ili mabondia waupige. Watoto walimwita hivyo kwa mapenzi, wakubwa kwa dharau, naye akawaitikia wote kwa sauti ileile.

"Saki," rafiki yake Jacques, dereva wa pikipiki, alimtania kila baada ya pambano, pale kituoni Nyawera, "leo walikujaza muchanga gani?"

"Ya Ruzizi. Ile ya mawe."

"Njo maana ule Murundi mikono ilimuvimba."

Emérence, mke wake, mama wa binti yao Merveille, hakuona kichekesho. Alimkanda kwa maji ya chumvi, akimwonya kila mara.

"Papa Merveille, siku moja utarudia hapa hauna tena uso. Mutoto atajua je kama ni weye?"

"Atanijua kwa sauti."

"Sauti gani? Mudomo nayo iko ku uso."

Ngumi Cirhuza alifundishwa na Papa Modeste, mzee aliyezijifunza jeshini zama za Zaire, katika ukumbi wa zamani wa Bagira wenye sakafu ya saruji iliyopasuka na madirisha mapana. Modeste hakufundisha ngumi peke yake. Kijana aliingia ukumbini akiwa amenawa miguu. Alisalimu wakubwa kabla ya kugusa glavu. Aliyemtukana mwenzake alifagia wiki nzima. Siku hizi kijana akijua kurusha ngumi mbili anapigwa picha, picha inaruka kutoka simu hadi simu, na kesho yake anajiita bingwa. Wakati ule mtu aliweza kupigana miaka mitatu kabla ya kuthubutu kusema kwamba yeye ni bondia.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo Modeste alilishika kama sala. Pambano likiisha, yeye mwenyewe alileta kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, na wapiganaji wawili wakanywa kutoka mrija mmoja, mbele ya watu. Hapo ugomvi ulikufa. Baada ya ngumi, si kabla. Juma la pambano hakuruhusu bondia wake ale wala anywe karibu na mpinzani, na usiku wa siku za mwisho aliwalaza ukumbini juu ya mikeka. Vijana wa mji walidhani ni kuwazuia na wanawake. Watoto wa Bashi, kabila la Cirhuza, hawakuhitaji kuelezwa. Mtu uliyekunywa naye kibuyu kimoja kwenu ni mgeni wako, na damu ya mgeni haimwagiki mkononi mwako mpaka awe amerudi kwake. Sheria hiyo haikuandikwa popote. Ndiyo maana imekufa kimyakimya, bila hata mtu kuifuta.

Cirhuza alikuwa amekwisha kupita miaka thelathini Hugues alipokuja kumtafuta ukumbini. Hugues aliuza mitumba, kisha akagundua kwamba kuandaa mapambano kunamfanya mtu ajulikane haraka kuliko kuuza makoti.

"Blanchard Nkake anakuya," alisema.

Nkake ni radi kwa Kilingala. Kijana huyo wa Kinshasa alikuwa amewaangusha wote waliowekwa mbele yake, na magazeti ya huko yalikuwa yamekwisha kumvisha mkanda ambao hakuwa ameupigania bado.

"Sawa," Cirhuza akajibu. "Raundi ngapi?"

"Kumi. Lakini sikiya. Ukimushinda, weye njo utaenda Kinshasa ku championnat, pa nafasi yake. Nilishaongea nabo. Ukishindwa, unabakia Saki mupaka uzee."

"Nikishinda ba Bagira wataniita nani?"

"Watakuita ile jina mama yako alikupatia."

Hugues alisema neno hilo kama mzaha, lakini lilimwingia Cirhuza na halikutoka. Hakutaka mkanda wala Kinshasa kwa ajili ya Kinshasa. Alitaka mara moja tu, kabla mikono haijamwishia, jina kubwa lianguke mbele yake, mchana, watu wakiona. Alitaka Merveille, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule, aitwe binti wa Cirhuza. Alijua hakuna mlango mwingine utakaofunguliwa baada ya huu.

Alijifua kama hajawahi. Alfajiri alikimbia kutoka Bagira hadi mjini na kurudi, akipishana na akina mama waliobeba makaa mgongoni kwa kamba ya paji la uso. Mchana alipiga tairi, jioni Modeste alimvalia pedi mikononi na kumpigisha pigo moja tu: mkono wa kushoto chini ya mbavu za kulia, pale ini linapolala. "Ule mutoto wa Kin anapendaka kuinua mikono juu ya sura yake nzuri," mzee alisema. "Iko analinda picha. Njo unapiga chini."

Siku tatu kabla ya pambano mvua ilinyesha tangu asubuhi, ile mvua ya Bukavu inayoshusha udongo wa milima mpaka barabarani. Viatu vya Cirhuza vya ulingoni vilikuwa vimelowa juzi yake, na mama yake, Maman Pascaline, alikuwa amevianika karibu na jiko. Alasiri akaomba ruhusa kwa Modeste aende kuvichukua.

"Tuma mutu," Modeste akasema.

"Papa, ni dakika kidogo tu. Ninarudia mbio."

Modeste alimtazama, akakubali kwa kichwa. Mzee yule alikuwa na makosa machache maishani, na hilo lilikuwa mojawapo.

Asubuhi ileile Maman Pascaline alikuwa Nyawera, sokoni, akiuza sambaza za kukaanga, dagaa wa Ziwa Kivu, chini ya turubai. Aliona watu wamemzunguka kijana mrefu mwenye begi. Boti kutoka Goma ilikuwa imefika mapema, aliyepaswa kumpokea hakuwepo bandarini, simu ilikuwa imezimika, naye alikuwa amepanda hadi sokoni akiuliza njia kwa Kilingala. Wapagazi walimvuta begi huku na huku, kila mmoja akisema ni mteja wake. Vijana wa pikipiki walicheka matamshi yake. Alikuwa amelowa hadi mifupani.

Maman Pascaline hakuwahi kwenda ulingoni. Hakuweza kutazama mwanawe akipigwa, na majina ya wapinzani hakuyauliza kamwe, kwa sababu jina la mtu ukilijua unaweza kulichukia. Aliwasukuma wapagazi kwa ungo wake.

"Acheni mutoto wa benyewe. Weye, mwana, uko wa wapi?"

"Kinshasa, mama."

"Kinshasa. Na mama yako anajua kama uko huku unaloana?"

Kijana alielewa neno mama tu, na macho yakamlegea. Maman Pascaline akafunga biashara yake, akampandisha ndani ya basi dogo la Bagira, na njia nzima akamsimulia habari za barabara mbovu kwa Kishi, lugha ya Bashi, kijana akiitikia kwa kichwa.

Cirhuza alipoinama kuingia mlangoni, kitu cha kwanza alichokiona ni fulana yake mwenyewe ya sufu, ya kijani, imebana kifua cha mtu mwingine. Kitu cha pili ni uso wa mtu huyo. Uso huo alikuwa ameuona umebandikwa ukutani mji mzima, mikono imeinuliwa, meno meupe. Karatasi zile za matangazo zilikuwa na picha moja tu. Ya Saki hakuna aliyeona haja ya kuiweka, kwa hiyo Blanchard alimwangalia mtu anayeingia kama mtu yeyote anavyoangaliwa, akatabasamu kwa adabu, kinywa kikiwa na bugali.

"Mwanangu, umekuya muzuri," Maman Pascaline akasema. "Iko mugeni. Amekwisha kula. Onja, umupatie."

Akamnyoshea kibuyu.

Katika nyumba ya Mushi, yaani mtu wa Bashi, mgeni hapewi pombe mkononi moja kwa moja. Mwenye nyumba anaonja kwanza, mbele ya macho ya mgeni, ili ijulikane kwamba ndani hakuna kitu. Baba yake Cirhuza alikuwa amekufa, kwa hiyo mwanamume wa nyumba alikuwa yeye. Na kila mtu Kivu anajua hofu ya sumu ya polepole inayoitwa karuho. Watu wameuawa kwa kusingiziwa tu, hasa wajane wanaoishi peke yao na kupika vizuri.

Cirhuza alisimama na mikono chini.

Alimkumbuka babu yake wa Kabare, ambaye alirudi nyumbani jioni moja akamkuta sebuleni, akila, mtu aliyemwibia ng'ombe. Mkewe hakujua, alikuwa amekwisha kumkaribisha. Babu aliketi, akaonja, akampa. Akamlaza kitanda kizuri. Kesho yake akamsindikiza hadi mtoni, akambebea fimbo, akangoja avuke, na mwizi alipokanyaga ng'ambo ndipo babu alipopiga yowe la mwizi mpaka kilima kizima kikatoka na mikuki. Watu walicheka habari hiyo miaka mingi. Hakuna aliyeuliza kwa nini hakupiga yowe jana yake.

"Onja basi," mama yake akarudia.

Mlangoni alikuwa amesimama Maman Rosette, jirani, aliyekuja kuomba moto na hakuwa na haraka ya kuondoka nao. Macho yake yalitoka kwenye kibuyu yakaenda kwa Cirhuza, yakarudi. Blanchard naye alikuwa ameuona ule ukimya. Goma walikuwa wamemwonya asinywe kitu Bukavu. Aliacha kutafuna. Mkono wake ukarudi polepole, ukaweka tonge la bugali kwenye sahani.

"Ata mwana wake anaogopa," Maman Rosette akasema kwa sauti ya chini, kama anaongea na makaa yake.

Maman Pascaline alisikia. Kesho asubuhi habari ingekuwa imefika bombani, mchana ingefika Nyawera, na hakuna mtu angenunua tena sambaza zake; na kukosa wanunuzi lingekuwa ndilo jambo dogo kuliko yote.

Cirhuza akachukua kibuyu, akavuta mrija, akameza. Akavuta tena, kwa sauti, ili hata mlangoni wasikie. Kisha akampa mgeni kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa.

"Asinge," akasema. Amani.

Blanchard akanywa, akacheka, akafuta midomo. Maman Rosette akaenda zake na moto. Cirhuza akachukua viatu vyake pale jikoni, vikiwa bado na unyevunyevu, akaondoka bila kusema yeye ni nani. Saa moja baadaye Hugues, aliyeelekezwa na watu wa sokoni, alifika na gari kumchukua nyota wake, akiomba radhi kwa lugha tatu.

Siku ya kupimwa uzito Blanchard alimtambua, akapanua mikono.

"Ndeko! Kumbe ni yo? Mama na yo alambaka malamu!"

Modeste alikaa jeshini miaka ya kutosha kuelewa Kilingala. Alimvuta Cirhuza pembeni.

"Anasema mama yako anapikaka muzuri. Alikula kwenu?"

"Alikula, Papa. Mama alimukuta ku soko. Hakujua."

"Alikunywa?"

Wakati huo jambo lilikuwa bado linaweza kurekebishwa. Neno moja lingetosha.

"Hapana," Cirhuza akasema.

Alidanganya kwa sababu alikuwa amekwisha kupiga hesabu zake njia nzima ya kurudi ukumbini, juu ya matope, viatu mkononi. Aliamini anaweza kushika vyote viwili. Atampiga kijana yule kwa pointi. Atamgusa, atamkosesha, atamchosha, atamshinda bila kumvunja, bila damu. Si yeye mwenyewe alikuwa ameshindwa hivyo maisha yake yote? Alidhani kwamba kwa kuwa alikuwa amejua kushindwa bila kuanguka, atajua pia kushinda bila kuangusha.

Pambano lilikuwa Jumapili alasiri, baada ya misa, jua limetoka na matope yanakauka. Uwanja ulijaa. Bagira nzima ilishuka, na Jacques aliongoza pikipiki zenye honi. Raundi tano za kwanza Cirhuza alipigana kama alivyopanga, akizunguka, akigusa, akiondoka, na watu walianza kushangaa kwa kuwa Saki alikuwa hapigwi. Katika ya sita Blanchard alikasirika. Akaja na mikono yote miwili juu, analinda picha, na mkono wa kushoto wa Cirhuza, uliofundishwa miezi kazi moja, ulikwenda wenyewe chini ya mbavu za kulia.

Sauti ilisikika hadi nyuma. Kijana wa Kinshasa alifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Mikono ikashuka. Akarudi hadi kwenye kamba, akaning'inia hapo, uso wazi kabisa, macho yanamtazama Cirhuza bila kumwona.

Uwanja ukasimama. "Maliza!" walipiga kelele. "Maliza, Cirhuza!" Na ilikuwa kweli, kwa mara ya kwanza walikuwa wanamwita Cirhuza.

Alisogea. Aliinua mkono wa kulia. Damu ilikuwa imeanza kutoka puani mwa kijana yule, nyuzi nyembamba, na Cirhuza akaiona ikifika kwenye mdomo uliokuwa umevuta mrija wake. Akashusha mkono. Akampiga begani. Akampiga tena kwenye mkono wa juu, ngumi ya mtu anayegonga mlango wa mgonjwa. Modeste, konani, hakupiga kelele tena. Alikuwa ameweka taulo chini na anatazama tu.

Kengele ikalia. Blanchard alikuwa kijana, dakika moja ilimrudishia pumzi, na kuanzia ya saba alipigana kama mtu aliyefufuka. Cirhuza hakurusha tena ngumi ya maana. Alisimama hadi mwisho. Waamuzi hawakuhitaji kushauriana.

"Ameuza match!" mtu mmoja akasema, kisha watu kumi, kisha uwanja. Maganda ya karanga yakaruka, kisha chupa. Alishuka ulingoni akiwa na taulo kichwani. Jacques alikuwa ameegemea pikipiki yake, honi imenyamaza, na alipompita hakumtania. Hapo ndipo Cirhuza alipoelewa kwamba hata rafiki yake ameamini.

Ndani, Modeste alimfungua bendeji za mikono, taratibu, kama kila mara.

"Alikunywa," mzee akasema.

"Alikunywa, Papa."

"Nani alionja?"

"Mi."

Bendeji iliendelea kuzunguka.

"Juzi ningeenda kwa Hugues, nikasema uko na malaria. Malaria haina haya, ata waziri anagonjwaka. Mutoto angerudia kwao, akifika tungepanga siku ingine, na weye ungemupasua na roho nyeupe. Lakini ulitaka vyote viwili."

"Nilifikiri nitamushinda polepole. Bila kumuumiza."

"Ngumi yenye haiumize ni salamu." Akakunja bendeji, akaiweka mfukoni. "Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Asijue."

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, Modeste hakuleta kibuyu ulingoni.

Miaka iliyofuata haina mengi ya kusimuliwa. Hugues hakumwita tena. Katika mji ambao watu waliuza kura, waliuza shahada, waliuza hata mchanga wa makaburi, hakuna aliyesamehewa kidogo kama Cirhuza, ambaye hakuuza kitu. Emérence aliulizwa bombani kama nyumba ya ghorofa itaanza kujengwa lini. Alimuuliza mumewe mara moja tu.

"Papa Merveille, uliuza?"

"Sikuuza."

"Sasa ilikuwa nini?"

"Sikuuza, Emérence."

Hakuweza kusema zaidi. Emérence na Maman Pascaline walipika jiko moja, na mwanamke mwenye uchungu hawezi kuficha kitu kama hicho. Mama yake angejua kwamba mkono wake mwenyewe ndio uliomfungia mwanawe mlango. Emérence akatikisa kichwa, akaamini. Aliamini peke yake, miaka yote, na alipigana na wanawake wawili kwa ajili ya imani hiyo.

Cirhuza alikwenda Luhwindja kuchimba dhahabu. Ndani ya shimo, kwenye giza, mchimbaji aliyekuwa akimpokezea ndoo alimuuliza jina, na aliposikia akacheka: "Ule wa Blanchard?" Alirudi Bagira na goti bovu. Modeste alikufa, akazikwa na watu wachache. Ukumbi wake ukawa kanisa la vipaza sauti, kisha ghala ya saruji. Kando yake siku hizi kuna kibanda ambako vijana wanabashiri mipira ya Ulaya, wakipiga mayowe kwa ajili ya watu wasiowajua, na hakuna anayenawa miguu.

Blanchard alipata mkanda. Alipigana Ulaya, akaonekana kwenye televisheni. Na kila alipoonekana, Maman Pascaline aliwaita majirani; kwamba ndiye aliyepigana na mwanawe, hakuna aliyethubutu kumwambia. "Ule mutoto alikula kwangu. Mi njo nilimutoa ku mvua. Cirhuza, si unamukumbuka? Alivaa pulovere yako." Cirhuza alikaa pale kitini, akatazama, akasema ndiyo, mama, ninamkumbuka. Hakuna ngumi aliyoipokea katika maisha yake iliyorudiwa mara nyingi hivyo mahali palepale.

Mama huyo alikufa mwaka juzi, kwa amani, akiwa na meno yake. Matanga yalikuwa ya kawaida, na sanduku lilikuwa la mbao nyepesi. Siku ya mwisho Jacques, ambaye alikuwa amezeeka pamoja na pikipiki yake, alilewa, akamshika Cirhuza bega mbele ya watu.

"Saki, ndugu yangu. Ile franga ya Blanchard ilienda wapi? Ata sanduku ya mama inakushinda?"

Watu walitazama chini. Merveille alikuwa anapita na sinia la vikombe. Alikuwa msichana mkubwa sasa, mwaka wa mwisho wa chuo, na alikuwa amekua ndani ya neno hilo, kwamba baba yake aliuza, kama mtu anavyokua ndani ya harufu ya nyumba yao.

Kesho yake, Emérence akiwa amekwenda kurudisha masufuria, Merveille aliketi mbele ya baba yake.

"Papa. Mi sijakuulizaka. Leo minauliza."

Mama hakuwepo tena duniani wa kuumizwa. Cirhuza alimwambia. Alimwambia mvua, fulana, kibuyu, Maman Rosette mlangoni, pua ya Blanchard. Mwenyewe alishangaa jinsi habari ilivyokuwa fupi. Alikuwa ameibeba kama gunia, kumbe inaingia mfukoni.

Merveille alisikiliza vizuri. Hakuwa mtoto mbaya.

"Alafu?" akauliza.

"Alafu nini?"

"Ni hivyo tu? Juu ya kasiksi?"

"Haikuwa juu ya kasiksi. Alikuwa mugeni."

"Lakini ilikuwa match, Papa. Yeye mwenyewe alikuya kupigwa. Ata hakujua kama ile ni kitu."

"Mi nilijua."

Akaanza kumweleza habari ya babu, ng'ombe na mto. Alieleza vibaya, akarudi nyuma, akasahau kusema kwamba bibi hakujua. Merveille alitazama saa ya simu, si kwa dharau. Basi lilikuwa linajaa na alikuwa na mtihani. Alisimama, akaweka mkono juu ya mkono wa baba yake.

"Papa, ungekuwa uliuza, ningejua namna ya kubajibu batu. Ningesema tulikuwa na shida. Hii nitabaambia nini?"

Akaenda. Cirhuza alibaki kizingitini, goti limenyooshwa, akitazama njia. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amejiliwaza kwamba ukweli upo, umewekwa mahali, siku yake itafika. Sasa siku ilikuwa imefika na ukweli haukumfaa mtu. Waliokuwa na masikio ya kuusikia walikuwa wamelala Kabare na kwenye makaburi ya mji, na wa mwisho wao alikuwa mzee mmoja aliyeficha bendeji mfukoni.

Jacques akatokea barabarani, anasukuma pikipiki, uso wa mtu anayejutia pombe ya jana.

"Ndugu, jana nilisema vibaya. Unihurumie. Siku ya matanga haifai."

"Haina neno."

Jacques alisita. Alikuwa rafiki, na swali hilo lilikuwa limemkaa kooni muda mrefu kuliko urafiki unavyopaswa kuvumilia.

"Lakini kweli, Cirhuza. Kati yetu."

Cirhuza alimtazama. Angeweza kuanza tena na mvua.

"Niliuza," akasema.

Jacques akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akacheka kidogo, akampiga bega, na katika kicheko hicho mlikuwa na kitu ambacho Cirhuza hakukisikia kwake tangu Jumapili ile: heshima.

"Nilijua. Na mutoto alikuwa anaanza masomo, ulifanya muzuri. Mutu ni kufikiria batoto."

"Njo hivyo."

Alipogeuka kuingia ndani, Emérence alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, amerudi kwa njia ya nyuma, beseni tupu kichwani. Alikuwa amelisikia neno lile. Alishusha beseni, akaliweka chini kwa uangalifu kama lina maji, na akampita mumewe mlangoni bila kumgusa.